Doa Jeusi la Siku ya Sita

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Mayai tisini ndani ya sanduku. Nimeyapanga mwenyewe, ncha chini, kama kawaida. Umeme umekatwa saa mbili asubuhi, mgao tena. Nimewasha kandili mbili chini ya sanduku na joto limetulia kabla ya adhuhuri. Tangu kituo cha mifugo kitupunguze kazini, sanduku hili la kutotolea ndilo ajira yangu. Vifaranga wa siku moja wanagombewa Ngamiani nzima. Kila mtu siku hizi mfanyabiashara.

Saumu ameacha nusu kikombe cha uji. Nimemgombeza. Mtu mzima wa miaka ishirini na minne, mke wa mtu, anachezea chakula. Akaumaliza, akarudi barazani kwenye cherehani yake.

Jumanne, 6 Septemba

Debe la pili la mahindi nimelisaga leo. Unga mweupe, rangi haionekani. Niliyaosha maji matatu, ya mwisho ya ndimu, kama tulivyofanya miaka ile ya foleni za chakula. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama juisi ya choya.

Mzee Jaafari mwenye duka la pembejeo aliniambia wazi: "Mama Saumu, hii mbegu ya kupanda. Ina dawa. Usije ukala." Nikamjibu nina shamba Muheza. Shamba la Muheza tuliliuza marehemu baba Saumu alipougua. Lakini gunia lilikuwa limepitwa na msimu na bei yake nusu ya mahindi ya sokoni, na mahindi ya sokoni mwaka huu hayashikiki. Miaka ile tulikula mbegu nyekundu mtaa mzima na tuko hai.

Unga kwetu, pumba kwa kuku. Hakitupwi kitu.

Jumapili, 11 Septemba

Siku ya sita ya mayai. Siku ya kupima.

Nimejifungia stoo mchana, kanga dirishani, tochi ndani ya kopo la maziwa lenye tundu. Yai unaliweka juu ya tundu, mwanga unapita. Siku ya sita unaona mishipa ya damu kama buibui, na katikati ya buibui doa jeusi. Doa hilo ni jicho. Jicho la kifaranga hukua haraka kuliko kitu kingine chochote mwilini mwake, ndiyo maana linaonekana mapema hivyo. Yai lenye doa linabaki. Yai tupu linakwenda jikoni.

Leo mishipa ipo, mizuri. Doa halipo. Si moja wala mawili. Nimeacha kuhesabu nilipofika yai la arobaini. Hai, yanacheza, lakini hayana jicho.

Nimeyarudisha yote. Labda tochi imechoka.

Jumatatu, 12 Septemba

Betri mpya. Hali ile ile.

Nimepasua manne kwenye bakuli la maji ya chumvi ya uvuguvugu. Moyo unapiga, unauona kwa macho. Vichipukizi vya mabawa vipo, vya miguu vipo. Kichwa kipo, kikubwa kama kawaida yao. Pale pa jicho, ngozi laini tu. La pili vivyo hivyo. La tatu lina jicho upande mmoja. La nne lilikuwa na doa moja, dogo, katikati ya paji la uso.

Nimefunika bakuli kwa sahani nikatoka nje. Miaka kumi na moja maabara, sijawahi kukimbia bakuli.

Jumanne, 13 Septemba

Nimemkumbuka Daktari Shembazi siku nzima. Alikuwa bosi wangu kituoni kabla hajahamia chuoni Morogoro. Akikata kidirisha kwenye ganda kwa msumeno mdogo, anaziba kwa plasta, na kila siku anachungulia. Mimi kazi yangu kushika taa na kutokohoa.

Alisema jicho halijioti lenyewe. Kwanza panakuwa na uwanja mmoja tu wa jicho, mbele ya ubongo. Chini yake, katikati, zinatoka protini za ishara, zinauamuru uwanja ugawanyike, huku kulia, huku kushoto. Amri isipofika, jicho linabaki moja katikati. Halafu ubongo unatoa vifuko viwili vinavyonyooka mpaka vinagusa ngozi. Navyo vinaipelekea ngozi protini zao, ni kama kupiga hodi. Ngozi ikiitika, inadidimia, inakuwa lenzi. Isiposikia hodi, inabaki ngozi kama ya shavu. Yote haya ndani ya siku tatu, na kila ishara ina saa yake. Saa ikipita hairudiwi.

Nilikuwa nikimwona mtu wa maneno mengi. Leo ningempa kiti na chai.

Nadhani ni joto. Kandili mbili si umeme. Nimeyazika mayai yote themanini na sita nyuma ya choo, nimeweka mengine kutoka kwa kuku wangu wale wale. Mara hii nitakaa na kipimajoto kama polisi na mtuhumiwa.

Ijumaa, 16 Septemba

Joto halijacheza hata nukta.

Saumu analala mchana. Anasema moshi wa kandili unamtia kichefuchefu. Nimemwambia moshi huo ndio unaomlisha. Amehamisha cherehani kwa jirani, Bi Mosi, ambaye ndiye somo yake, mfunzi wake wa mambo ya kike, tangu alipovunja ungo. Huko wanacheka mpaka alasiri. Mimi nakaa na mayai.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimepima leo. Afadhali nisingepima.

Si joto, basi. Nimechukua mayai kumi na mawili kwa Bi Mosi, kuku wake wanazurura wanakula wanachookota. Nimeyaweka sanduku moja na kumi na mawili yangu. Yake nimeyatia alama ya mkaa. Sanduku moja, kandili zile zile, mkono ule ule. Daktari angefurahi.

Nimemwandikia barua Morogoro pia. Nimemweleza kila kitu, na chakula cha kuku nimekitaja. Cha watu sikukitaja.

Jumapili, 25 Septemba

Ya Bi Mosi: kumi yana doa, mawili tupu. Macho meusi, makubwa, yanatazama tochi.

Yangu: mishipa tu. Mawili ndiyo yana doa.

Ni pumba. Dawa ya mbegu. Kuku kala, imeingia kwenye kiini, na kifaranga anajenga mwili wake kwa kiini hicho hicho. Amri imetumwa, njiani imekutana na dawa.

Nimetoa pumba bandani, nimefagia, nimewapa kuku chenga za mchele. Kisha nikaingia jikoni, nikasimama mbele ya pipa la unga. Nusu pipa. Nimelitazama muda mrefu.

Nimejipa sababu. Rangi hukaa kwenye ganda la punje, na ganda ndilo pumba. Unga ni moyo wa punje, na tuliosha maji matatu. Tena sisi watu wazima, miili imekwisha kujengwa zamani. Mtu mzima si yai.

Nimesonga ugali kama kawaida. Saumu kala kidogo.

Jumatano, 28 Septemba

Uji asubuhi. Nimemsimamia akaumaliza, amekonda. Ameniomba embe mbichi. Nimemwambia wakati wa embe haujafika, awe na subira.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimefagia chumba cha Saumu kwa kuwa yeye amekuwa mvivu. Chini ya godoro, kwenye gazeti, vipande vya udongo. Udongo wa kula, ule wa kuuzwa sokoni. Vimeng'atwa.

Nikaketi chini pale pale, ufagio mkononi.

Kisha nikaenda kwa Bi Mosi. Saumu alikuwa ametumwa uzi. Sikusalimu. Bi Mosi akaniangalia akajua. Akasema: "Kaniomba n'sinene mpaka mwezi wa nne. Zile mimba mbili zilizoharibika zatosha, ati. Akaogopa midomo ya watu." Halafu akasema: "Na weye mamake, siku zote hizo hukuona?"

Sikuona. Jambo hili kwetu huambiwa somo kwanza, mama hujua mwisho, ndiyo staha yetu. Lakini mimi nina macho. Nimetazama mayai mia mbili moja baada ya jingine, na mwanangu aliyekaa mbele yangu anasinzia na kutema mate sikumtazama.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimehesabu. Mumewe Hamza yuko kambi ya wavuvi wa kamba kule Mkwaja, alikuja mara moja tu, kwa Maulidi, siku tatu za Agosti. Kwa hiyo leo ni wiki ya saba, siku zaidi au pungufu.

Gunia nililinunua wiki ile ile. Uji wa kwanza wa mahindi yale tuliunywa Hamza akiwa hapa. Aliusifu.

Nimemwaga unga wote shimoni, nikafukia, nikaweka jiwe. Saumu kauliza. Nimesema panya wamekojolea. Akacheka, akasema, "Mama nawe, panya wako wamefaidi." Nimenunua mchele kwa fedha ya sanduku.

Sikulala vizuri.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimetembea mpaka maktaba ya mkoa kutafuta kitabu kinachoonyesha siku za mimba ya binadamu. Nimekuta cha wakunga, kurasa zimeng'olewa. Nimerudi kwa miguu. Jua kali. Njiani kila mtoto aliyebebwa mgongoni nilimtazama usoni, mpaka mama mmoja akamfunika wake kwa kanga. Namwelewa.

Ijumaa, 14 Oktoba

Barua ya Daktari Shembazi imefika. Kurasa tatu, mwandiko wake mbaya ule ule.

Anasema kazi yangu ya mayai ya alama ya mkaa ni safi kuliko ya wanafunzi wake. Anasema zipo dawa zinazovuruga ishara za jicho, zinaziba sikio la chembe zinazopaswa kuzisikia, ila hawezi kujua dawa hii ni ipi bila kuipima, na siku hizi kila mtu anaingiza dawa na kuifungasha upya bila karatasi ya maelezo. Soko huria. Nisiuze mayai wala kuku.

Mwishoni, chini ya sahihi, kaandika mwenyewe bila kuulizwa, na kaniita kwa jina langu. Mwanahamisi, natumaini hakuna mjamzito anayekula mahindi hayo. Kwa binadamu vifuko vya macho huchomoza yapata siku ya ishirini na mbili, na sehemu kubwa ya kazi hukamilika kabla ya wiki ya nane. Mtu si kuku, dozi si moja, na mara nyingi hakuna linalotokea. Lakini kama yupo, mwachishe leo.

Siku ya ishirini na mbili tangu Maulidi iliangukia wiki ile nilipokuwa nimejifungia stoo na tochi. Nimeihesabu mara nne kwa kalenda ya ukutani. Nimeitoa kalenda.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimekutana na Mzee Jaafari nje ya duka lake. Shikamoo, marahaba. Kauliza, "Mahindi yako Muheza, mama, yameota?"

Nimesema yameota.

Kafurahi kweli. Kasema alihofu, mbegu ya zamani ile. Mzee wa watu, mwema. Alinionya na nikamdanganya, na leo nimemdanganya tena. Nikimlaumu yeye Mungu hatanisamehe.

Jumamosi, 22 Oktoba

Nimechinja kuku wote thelathini na majogoo matatu. Nimewazika. Mtaa mzima umekuja kutazama. Mmoja kasema nimepagawa, mwingine kaomba hata mapaja. Nimesema wana ugonjwa. Bi Mosi alisimama ukutani na mikono kifuani.

Saumu amelia. Alidhani tumefilisika.

Jumatano, 2 Novemba

Leo nilikusudia kumwambia. Nimemketisha. Nimeanza na mayai. Akasikiliza, akauliza kama vifaranga wale walikuwa na maumivu. Nikasema hapana. Akashika tumbo, bila kujua kwamba amelishika, akasema, "Masikini."

Nikakatisha. Nikasema twende tukanunue embe.

Mimi ni mwoga. Nimeliandika na ninaliona limeandikwa.

Jumapili, 27 Novemba

Mwezi wa nne umekaribia, Saumu kaniambia rasmi. Somo alikuja naye, wamevaa vizuri, kama wanaoleta posa. Nikajifanya kushtuka. Nikapiga kigelegele. Bi Mosi kanitazama moja kwa moja nilipokuwa nakipiga. Anajua kwamba nilijua. Hajui ninachokijua.

Jumanne, 20 Desemba

Kliniki. Muuguzi kaweka pembe ya kusikilizia tumboni, kasema moyo unapiga vizuri. Saumu kanibana mkono kwa furaha. Moyo. Yale ya kwenye bakuli nayo mioyo ilipiga vizuri.

Nimeuliza kama kuna mashine ya kuona ndani. Muuguzi kasema labda Dar, labda, na kama nina mtu. Kisha kaniuliza nataka kuona nini. Nikasema basi tu.

Jumatatu, 6 Februari 1995

Hamza alikuja siku mbili. Kaleta kamba waliokaushwa na kitambaa cheupe. Kijana mpole. Anamsemesha mtoto kwa kuinamia tumbo, anampa habari za Mkwaja, nani kapata samaki, nani kaoa. Nilikuwa mlangoni. Nilitaka kumwambia yeye badala ya Saumu. Mwanamume angenipiga labda, na ningeshukuru. Alinishukuru kwa kumtunza mkewe. Kasema, "Mama, ulivyomlisha."

Nimekwenda stoo nikakaa.

Ijumaa, 10 Machi

Saumu ana swali kila siku. Leo: mtoto anaona nini humo ndani, giza tupu au mwanga wa jua unapita kwenye ngozi? Aliketi uani, tumbo wazi kidogo, analielekeza juani, anajichekea.

Nikajibu kwamba mwanga kidogo hupita. Ni kweli, hupita. Kwa nini nijibu kitu ambacho ni kweli na bado nijihisi mwongo?

Jumatano, 12 Aprili

Nimemwambia Bi Mosi. Yote, tangu gunia. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, kama Saumu anajua. Nikasema bado. Akasema: "Usimwambie na mzigo tumboni. Ataogopa, na hofu nayo hulisha mtoto. Akishatua, mwambie weye kwa kinywa chako. Asije akayasikia kwangu, na mie siku moja n'takasirika nikayasema."

Ni ushauri au ni kitisho, sijui. Nimeupokea. Kwa mwoga muda ni muda.

Jumamosi, 13 Mei

Uchungu umeanza alfajiri. Tumempeleka. Mvua ya masika, maji mpaka vifundoni. Nimebeba kitambaa cheupe cha Hamza ndani ya mfuko wa nailoni.

Jumapili, 14 Mei

Msichana. Kalia mwenyewe, kwa nguvu. Vidole kumi, kumi. Kope zimevimba, zote mbili zimefumba. Muuguzi kasema ndivyo walivyo, ngojeni.

Nimemshika. Kidole changu kilijua pa kwenda. Miaka kumi na moja nimefungua maganda bila kutetemeka. Nilikiweka kidole juu ya kope, nikakiondoa.

Jumatano, 17 Mei

Tuko nyumbani. Jicho la kushoto limefunguka jana, jeusi, kubwa, linafuata mlango. La kulia halijafunguka. Asubuhi wakati Saumu anaoga nimeigusa kope kwa kidole kidogo, polepole. Upande wa kushoto pana tufe chini ya ngozi, linajongea. Upande wa kulia ni bapa.

Muuguzi aliandika kwenye kadi turudi baada ya wiki sita. Aliandika tu, akakunja kadi.

Huenda ni mbegu. Huenda ni jambo ambalo lingekuwa hata tungekula wali mwaka mzima. Daktari hawezi kujua, na mimi siwezi kujua, na nitaishi na huenda hiyo mpaka nizikwe. Lakini nilidanganya nilipoambiwa isiliwe, na nililisha nilipoona mayai. Hayo hayana huenda.

Wanawake wa mtaa wamekuja mchana na sabuni na kanga. Mtoto alikuwa mapajani mwa Saumu, jicho moja wazi. Saumu kanigeuzia mtoto, uso wake mwenyewe unang'aa kwa jasho na furaha, kasema, "Mama, hebu tazama, anakukonyeza bibi yake." Wakacheka wote. Bi Mosi hakucheka.

Nikasema naona.

Wameondoka. Mvua imepungua. Saumu kalala na mtoto kifuani, mlango wao uko wazi kidogo, nami nimeketi hapa nje kwenye kigoda. Akiamka nitamwambia.